Mwanafunzi wa Chuo na Intaneti: Simu Moja, Jamaa Nzima



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo tunaloliona kila siku: vijana wetu wa vyuo vikuu na intaneti. Pengine mmoja kati yenu atauliza: "Sisi tunaolala chini ya hema la plastiki, tunaotafuta maji na unga, jambo hilo linatuhusu nini?"

Linatuhusu sana. Katika jamaa nyingi za wahamaji, mtoto anayesoma chuo ndiye mwenye simu inayofungua intaneti. Ndiye anayejua kusoma Kifaransa cha tangazo. Kwa simu yake tunapata habari kama njia ya shambani ni wazi, kama mjomba aliyekimbilia Uganda angali hai, kama pesa ya dawa imefika. Na kwa simu hiyo hiyo linaweza kuingia neno moja la usiku, ambalo likisomwa kwa sauti mbele ya hema, mtaa mzima unabeba watoto na kukimbia. Au vijana wanachukua mapanga.

Kwa hiyo mwanafunzi huyu ana mzigo kuliko anavyofikiri mwenyewe. Zamani habari ilipita kwa mzee wa kijiji, naye aliipima kabla ya kuipeleka mbele. Leo inapita kwanza kwa kijana wa miaka ishirini. Je, tumemsaidia kuipima?

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili tutaweza:

1. kueleza mambo ambayo mwanafunzi wa chuo anayafanya na intaneti kila siku;
2. kutambua faida yake na hatari yake kwa jamaa iliyohama;
3. kutumia maswali manne ya kupima habari kabla ya kuisambaza;
4. kufanya mapatano kati ya wazazi, wanafunzi na viongozi.

1. Kwa nini wanafunzi ndio wa kwanza?

Si kwetu tu. Intaneti yenyewe ilizaliwa kati ya watu wa vyuo. Tarehe 29 Oktoba 1969, kule Marekani, ujumbe wa kwanza ulitoka kwenye kompyuta ya chuo kikuu cha California, mjini Los Angeles, kwenda kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Walitaka kutuma neno la herufi tano. Herufi mbili za kwanza zilifika, kisha mtambo ukakwama. Miaka mingi baadaye, Februari 2004, wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard walianzisha Facebook kwa ajili ya wanafunzi wenzao. Ilifunguliwa kwa watu wote Septemba 2006.

Mwezi wa Septemba 2002, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti juu ya wanafunzi wa vyuo na intaneti. Ilionyesha kwamba wanafunzi 86 kwa 100 walikuwa wamekwisha kutumia intaneti, wakati kati ya watu wote wa nchi ile walikuwa 59 kwa 100. Wanafunzi 73 kwa 100 walisema wanatafuta habari kwenye intaneti kuliko kwenye maktaba. Na walipoulizwa kazi kubwa ya intaneti kwao ni nini, 42 kwa 100 walijibu kwamba ni kuzungumza na watu. Masomo yalifuata nyuma.

Tuangalie vizuri jambo hilo la mwisho. Wanafunzi wale walikuwa na maktaba kubwa, na 85 kwa 100 walikuwa na kompyuta zao wenyewe. Hata hivyo jambo la kwanza walilolitafuta ni watu wao: wazazi, ndugu, marafiki. Kwa hiyo tukimwona kijana wetu ameinamia simu, tusiseme haraka kwamba amepotea. Pengine anawatafuta watu wake, na kwa mtu ambaye jamaa yake imetawanyika, kutafuta huko si mchezo.

Kwetu intaneti ilikuja kwa njia nyingine. Kwanza ilitoka kwenye satelaiti, kwa bei kali, katika ofisi za mashirika na katika vyumba vichache vya mjini ambamo watu walilipa kwa dakika. Mwaka 2009 waya mkubwa wa chini ya bahari ulifika pwani ya Afrika Mashariki, na mwaka 2013 Kongo ilifungua waya wake wa bahari kule Muanda, upande wa Atlantiki. Lakini kwa watu wengi wa kwetu kompyuta haikufika kamwe. Kilichofika ni simu. Mwanafunzi wa Bukavu, Goma, Bunia au Uvira anasoma, anaandika, anatafuta na kutuma, vyote juu ya kioo kidogo kama kiganja cha mkono, tena kwa mega anazonunua kidogo kidogo.

2. Siku moja ya mwanafunzi wetu

Tumfuate mwanafunzi kutoka asubuhi hadi usiku. Tutaona kazi tano.

*Kazi ya kwanza ni kuwasalimu watu wake.* Akiamka tu, anafungua WhatsApp. Kuna kikundi cha jamaa, kikundi cha promosheni yake chuoni, kikundi cha watu wa kijiji alichozaliwa, na pengine kikundi cha sala au cha mpira. Katika kikundi cha kijiji, mmoja yuko Nyarugusu kule Tanzania, mwingine Nakivale kule Uganda, mwingine Kanada, mwingine amebaki kijijini. Vita vilivunja kijiji, lakini kijiji kinakutana tena ndani ya simu. Huko wanatangaziana kifo, harusi, na mtoto aliyepotea.

*Kazi ya pili ni masomo.* Ratiba ya mafundisho, saa ya mtihani, chumba kilichobadilishwa: hayo yote yanatumwa na msimamizi wa promosheni katika kikundi. Vitabu vya mafundisho, ambavyo zamani ilikuwa lazima kuvilipia fotokopi, mara nyingine vinapita kama faili kutoka simu hadi simu. Anayeandika kazi ya mwisho wa masomo anatafuta makala na vitabu ambavyo maktaba ya chuo chake haina. Basi mzazi anayemwona mtoto wake na simu usiku wa manane asifikiri daima kwamba anacheza. Pengine anasoma kurasa mia moja juu ya kioo kile kidogo, na macho yanamuuma.

*Kazi ya tatu ni pesa.* Huduma ya M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na makampuni mengine ya simu yakafanya vilevile. Kazi hiyo haidai daima intaneti, hata simu ndogo inatosha, lakini mara nyingi mwanafunzi ndiye anayewasaidia wazazi kusoma ujumbe na kuhesabu. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia Goma na mabenki yakafungwa, simu ilibaki kwa watu wengi kama mlango mmoja tu wa kupitisha pesa.

*Kazi ya nne ni kutafuta njia ya kesho.* Mwanafunzi anatafuta matangazo ya kazi, ya msaada wa masomo, ya mafunzo. Hapa kuna mitego mingi. Tutarudi kwenye jambo hilo.

*Kazi ya tano ni kupumzika.* Nyimbo, mpira, vichekesho, picha za video fupi. Tusidharau hilo. Kijana aliyeona mabaya anahitaji kucheka. Lakini pumziko lisilo na mwisho linakula mega, linakula usingizi, na linakula masomo. Kila mzazi anajua tofauti ya mtoto anayepumzika na mtoto anayejificha.

3. Faida kwa jamaa iliyohama

Mtu anapohama anaacha nyumba, shamba, mifugo na makaratasi. Mwanafunzi anaacha pia chuo. Hapo intaneti imeonyesha nguvu yake. Katika kambi ya Kiziba, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa kutoka Kongo, masomo ya digrii yalianza mwaka 2015 kwa ushirikiano wa shirika la Kepler na chuo kikuu cha Marekani, Southern New Hampshire University. Wanafunzi walifanya kazi za chuo kwa kompyuta wakiwa papo hapo kambini, na walimu karibu nao. Kabla ya hapo, mwaka 2010, mpango wa Wajesuiti ulianza kufundisha kwa intaneti katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na Dzaleka nchini Malawi, kambi ambazo zina Wakongo wengi pia.

Mambo haya yanatufundisha nini? Kwamba hema si mwisho wa masomo. Lakini yanatufundisha jambo la pili: hakuna hata mpango mmoja kati ya hiyo uliosimama juu ya intaneti peke yake. Palikuwa na chumba, umeme, mwalimu wa karibu, na wanafunzi wenzake wa kusoma nao. Kijana mwenye simu tu, asiye na mahali pa kukaa wala mtu wa kumwuliza, ataanza kwa nguvu na kuacha baada ya mwezi mmoja. Viongozi wakitafuta msaada kwa vijana, wasiombe mega tu. Waombe na chumba chenye taa.

Tena tukumbuke kwamba rezo inaweza kukatika siku tunayoihitaji sana. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti katika nchi nzima kwa muda wa siku 20 hivi. Wakati wa mapigano ya Goma mwisho wa Januari 2025, umeme na intaneti vilikatika wakati jamaa zilikuwa zinatafutana. Kwa hiyo kila jamaa ipatane tangu sasa: rezo ikikatika, tutakutana wapi? Nani anajua namba za simu kwa kichwa? Watoto wafundishwe angalau namba moja, na namba nyingine ziandikwe kwenye karatasi.

4. Hatari: uvumi unaokimbia kuliko miguu

Wahenga walisema: "Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja." Katika maisha ya kawaida methali hiyo ina hekima. Katika wakati wa vita ina hatari, kwa sababu mara nyingine jambo "linakuja" kwa sababu limesemwa. Watu wakisikia kwamba jirani zao wanajitayarisha kuwashambulia, nao wanajitayarisha. Jirani wakiwaona wamejitayarisha, wanaogopa, nao wanachukua silaha. Neno la uongo limezaa vita vya kweli.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaenea hata Ituri. Mwezi wa Septemba mwaka ule, watafiti waliwauliza watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo. Karibu robo moja walisema hawaamini kwamba Ebola ipo kweli. Wengine waliamini kwamba ni biashara ya watu fulani au njama ya kisiasa. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona mauaji miaka mingi bila kupata ulinzi, na walijiuliza kwa nini sasa wageni wengi wanakuja na magari. Lakini uvumi ulipokaa juu ya jeraha hilo, wagonjwa walifichwa na wauguzi walishambuliwa. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa kati ya wagonjwa 3,470.

Basi tuseme: "Tusiamini lolote linalotoka kwenye simu"? Hapana. Hilo nalo linaweza kuua. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na baada ya siku tano wakuu wa jimbo walipotoa amri ya kuhama katika karatie 10 kati ya 18 za mji wa Goma, habari ile ilikuwa ya kweli na ilihusu maisha ya watu. Mtu aliyezoea kudharau kila ujumbe angebaki nyumbani. Kwa hiyo jambo tunalolitafuta si kuamini yote wala kukataa yote. Ni kupima, na kupima haraka.

Kwa nini uvumi unakimbia hivyo ndani ya simu? Kwanza, unatoka kwa mtu tunayempenda. Dada yangu ndiye aliyenitumia, nitamkatalia vipi? Pili, unagusa hofu tuliyo nayo tayari. Tatu, mara nyingi ni sauti iliyorekodiwa au picha, na mtu asiyejua kusoma naye anaipokea. Nne, kutuma hakudai kazi: kidole kimoja, na watu mia wameshapata.

Kuna na hatari nyingine tatu ambazo viongozi wazijue.

*Walaghai.* Wanatuma tangazo la kazi au la msaada wa masomo, kisha wanaomba "pesa ya faili". Wengine wanajidai kuandikisha watu kwenda Ulaya, Marekani au Kanada. Tukumbuke: UNHCR haiuzi huduma yake. Anayeomba pesa ili aandike jina lako ni mwizi, hata kama ana alama ya shirika kwenye picha yake.

*Simu inayoshuhudia dhidi ya mwenyewe.* Kijana akipiga picha za askari, za silaha au za kizuizi cha njiani, na kuzituma kwenye kikundi, hajui zitafika kwa nani. Hata picha za kikundi ambazo hakuzipiga yeye zinaweza kubaki ndani ya simu yake. Njiani, mbele ya watu wenye silaha, picha moja inatosha kumtia hatarini.

*Maneno ya kuchukia kabila.* Eneo letu la Maziwa Makuu limeona mwaka 1994, nchini Rwanda, redio ikitumiwa kuita watu wauawe. Leo kila mwenye simu ana redio yake ndogo. Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Juni 1966 inakataza uchochezi wa kikabila, na sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaweza kumwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu, na vilevile anayeipeleka mbele. Kusema "mimi nilituma tu" si kinga.

5. Maswali manne kabla ya kutuma

Tuyajifunze kwa kichwa. Mwanafunzi awafundishe wazazi, na wazazi wamkumbushe mwanafunzi.

*Swali la kwanza: Nani amesema?* Je, ni mtu aliyeona kwa macho yake, au ni mtu aliyetumiwa na mwingine? Katika WhatsApp kuna alama ya kusaidia. Mshale mmoja juu ya ujumbe unaonyesha kwamba haukuandikwa na huyo aliyekutumia. Mishale miwili inaonyesha kwamba umepita katika mikono mingi. Ujumbe wa mishale miwili usiotaja jina la mtu wala la mahali, tuupokee kama mgeni wa usiku: tumwulize maswali akiwa bado mlangoni.

*Swali la pili: Wapi, na lini?* Picha ya kweli inaweza kusema uongo. Maiti zilizopigwa picha miaka kumi iliyopita katika nchi nyingine zinaweza kutumwa leo na jina la kijiji chetu. Mwanafunzi mwenye intaneti anaweza kuitafuta picha yenyewe kwenye Google, kwa njia ya kutafuta kwa picha badala ya maneno, na kuona kama ilikwisha kutokea zamani mahali pengine. Asiye na mega atumie macho: milima ile ni ya kwetu? Majani ni mabichi wakati kwetu ni kiangazi? Bendera, nguo, namba za magari ni za wapi? Katika sauti, msemaji ana lafudhi ya wapi, na je, anataja siku?

*Swali la tatu: Nani mwingine anathibitisha?* Tutafute mtu aliye pale pale, tumpigie simu. Tusikilize redio ya karibu, au Radio Okapi ambayo ilianza tarehe 25 Februari 2002 na inasema pia Kiswahili. Lakini tujihadhari: watu kumi waliotuma ujumbe mmoja si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja mwenye midomo kumi. Shahidi wa pili ni yule ambaye hakuipata habari kutoka kwa wa kwanza.

*Swali la nne: Nikituma, itatokea nini?* Hata habari ya kweli ina wakati wake na mtu wake. Kifo cha mtoto kisijulikane na mama yake kwa njia ya kikundi cha watu mia mbili. Jina la binti aliyebakwa lisitumwe kamwe. Na ujumbe unaolitaja kabila zima kana kwamba ni mtu mmoja, kwamba "hao" wameua, "hao" wanakuja, usimame kwako. Anayeua ana jina lake. Kabila haliendi usiku kuchoma nyumba.

Je, uongo ukiwa umekwisha kutumwa? Usahihishwe pale pale ulipopita, katika vikundi vile vile, kwa maneno mafupi: "Habari ya leo asubuhi juu ya mahali fulani si ya kweli. Tumezungumza na watu wa pale. Watu wako sokoni." Tusirudie uongo wote mrefu ili tuukanushe, kwa maana msikilizaji wa mbali anakumbuka uongo na kusahau "si".

6. Kila mtu na kazi yake

*Wazazi.* Msimnyang'anye mtoto simu kwa hasira, na msimwache peke yake nayo. Mwulizeni: "Leo umesoma nini? Umesikia nini? Nani amesema?" Kama jamaa ina simu moja ya intaneti, isiwe ya mtoto wa kiume tu. Binti anayesoma apate saa yake, tena saa ya mwanga, si saa ya mwisho wakati betri imekwisha. Na mzazi asiyejua kusoma asione haya kumwuliza mtoto. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

*Wanafunzi.* Ninyi ni macho na masikio ya jamaa zenu. Msisome mbele ya wazee ujumbe ambao hamjaupima. Mkiusoma, someni wote, msiruke mstari. Mkitafsiri tangazo kutoka Kifaransa, semeni lililoandikwa, kisha mseme mbali mawazo yenu. Na katika vikundi vya chuo, ambamo makabila yote yamekaa pamoja, msikubali mzaha wa kudharau kabila la mwenzenu. Rafiki uliyekaa naye kwenye benchi moja ndiye utakayempigia simu siku ya uvumi kumwuliza: "Kwenu hali ni gani?" Ukimtukana leo, kesho hutakuwa na wa kumwuliza.

*Viongozi wa kambi, wa mtaa na wa kijiji.* Tunapendekeza mwanzishe kamati ndogo ya habari yenye watu watano: wanafunzi wawili, msichana na mvulana, mama mmoja, mzee mmoja, na mtu mmoja wa jamii ya wenyeji waliowapokea. Wasiwe wote wa kabila moja. Wawe na daftari lenye safu nne: habari gani, saa ngapi, nani amesema, tumethibitisha namna gani. Jioni watangaze yaliyothibitika, kwa mdomo, ili wasio na simu nao wasikie. Na kiongozi asiyejua jambo aseme: "Bado tunatafuta, tutawaambia saa kumi na mbili." Maneno hayo yanatuliza watu kuliko kimya, kwa sababu pale kiongozi anaponyamaza, uvumi unachukua kiti chake.

7. Zoezi la kufanya katika vikundi

Gawanyeni watu katika vikundi vya watu sita au saba, vijana na wazee pamoja. Someni hadithi hii ya mfano.

Ni saa tatu ya usiku. Mwanafunzi mmoja anayeishi na wazazi wake kambini anapokea sauti iliyorekodiwa katika kikundi cha kijiji chao. Mwanamume anasema kwa haraka: "Watu wetu, kimbieni! Wamekwisha kuvuka mto, wanachoma nyumba, wasema usiku huu watafika kambini." Hataji jina lake, wala jina la mto. Juu ya ujumbe kuna mishale miwili. Dakika tano baadaye, watu wengine watatu wanamtumia sauti ile ile. Nje, mama mmoja ameanza kulia. Baba anauliza: "Mwanangu, wanasema nini?"

Jadilianeni:

1. Mwanafunzi amjibu baba yake nini, maneno gani hasa?
2. Watu watatu waliotuma sauti ile ile, ni mashahidi wangapi?
3. Ampigie simu nani kwanza? Na kama hana inite?
4. Akimwamsha kiongozi wa kambi na habari ikawa ya uongo, amekosa? Akinyamaza na habari ikawa ya kweli, je?
5. Ikiwa mtasubiri kuthibitisha, ni matayarisho gani mnaweza kufanya bila kuleta hofu? (Kwa mfano: kuwakusanya watoto wote mahali pamoja, kuweka makaratasi karibu, kujua mlango wa kutokea.)

Mwongozaji asikubali jibu la "inategemea" tu. Kila kikundi kiseme nani afanye nini katika robo saa ya kwanza. Swali la 4 na la 5 ndiyo moyo wa zoezi: kupima habari si kukaa bure, na kujitayarisha si kukimbia.

Maswali ya kuendelea nayo nyumbani

- Katika jamaa yetu, habari inaingia kwa njia ya nani? Tumemshukuru lini, na tumemsaidia namna gani?
- Mwezi huu, ni habari gani tuliyoiamini kisha ikaonekana si ya kweli? Ilitoka wapi?
- Katika kambi au mtaa wetu, nani hana njia yoyote ya kupata habari? Walemavu? Wazee wanaoishi peke yao? Tutawafikia vipi?

Mambo ya kukumbuka

- Mwanafunzi anatumia intaneti kwanza kwa ajili ya watu wake, kisha masomo, pesa, kazi na pumziko. Yote yanaigusa jamaa.
- Intaneti inasaidia masomo kambini ikiwa pamoja na chumba, mwanga na mwalimu.
- Rezo inaweza kukatika. Mapatano ya jamaa yasikatike.
- Nani amesema? Wapi na lini? Nani mwingine? Itatokea nini?
- Uongo usahihishwe pale ulipopita.

Ndugu zetu, mnapomaliza somo hili, fanyeni jambo moja kabla jua halijatua: kaeni na kijana wenu wa chuo, mmwambie kwamba mnamtegemea, na mpatane naye juu ya maswali haya manne. Kisha mtuandikie mkituambia kamati yenu ya habari imeanza namna gani, na ni magumu gani mmekutana nayo. Somo linalofuata litajengwa juu ya barua zenu.

Tuendelee kujenga amani.